Fungate Yangu na Manowari ya Uongo

Ikwiriri, Jumanne, 5 Oktoba 1993
Siku ya tatu ya fungate. Zuena! Ana hina mpaka kwenye viwiko. Namtazama tangu alfajiri, shingo inauma. Nimechoka kwa furaha. Nimechoka pia kwa kukaa ndani. Siku saba nyumbani kwa wakwe, bwana harusi hatoki. Ndiyo mila.

Laiti Husseini angaliheshimu mila! Ameleta kaseti kutoka Dar kwenye banda lake la video: kile kipindi cha televisheni cha wasafiri wenye chombo cha kupita katika miaka. Nimeona sehemu zote kumi na moja zilizotangulia. Na safari hii wanatua wapi? Delta ya Rufiji! Mwaka 1915, manowari ya Wajerumani imejificha humu humu kwetu! Kaseti inarudi Dar Jumamosi. Mimi, niliyeongoza darasa katika historia kidato cha nne, nisiione?

Nikajifanya naumwa tumbo, niende zahanati. Bi Fatu, somo aliyemfunda Zuena, ndiye anayelinda mlango. Akasema zahanati ni yeye. Nimekunywa mabakuli mawili ya mwarobaini. Sasa tumbo linauma kweli.

Alhamisi, 7 Oktoba
Nimemwomba Zuena ruhusa. Akasema, kwa sauti ile tamu, "Mwenzio nimefungiwa ndani kwa ajili yako, wewe unataka kwenda kumtazama Mjerumani?" Macho yale!

Lakini kesho ni Ijumaa. Nani atamzuia bwana harusi kwenda msikitini?

Ijumaa, 8 Oktoba
Nilisali. Naandika hilo kwanza. Kisha, badala ya kukata kulia kwenda nyumbani, nikakata kushoto, bandani kwa Husseini.

Aibu gani ile! Delta ina milima na mchanga mweupe. Mkoko hata mmoja hakuna! Maji yamekupwa, tope tupu, na manowari inapita tu, haikwami. Wenyeji wamevaa manyoya kichwani, wanarukaruka. Babu zetu walivaa kanzu na kofia! Chombo cha kupita katika miaka nimekikubali bila taabu. Manyoya, hapana.

Nikasimama mbele ya televisheni, nikawaeleza watu. Hawakushukuru. "Kaa chini, mwalimu!" Mwingine akauliza nani huyo ananuka udi, au bwana harusi katoroka? Kisha sauti nzito kutoka benchi la nyuma: "Saidy."

Baba mkwe wangu, Mzee Mwinyimvua. Kofia mkononi, ndani ya kofia karanga.

Nyumbani akaeleza kwamba aliingia bandani kunifuata mimi. Karanga hakuzieleza. Hukumu: fungate inaanza upya, siku saba. Nikitoka tena hata hatua moja, narudi kwetu Umwe peke yangu, Zuena anabaki kwao. Nimekoma. Nimechoka mpaka mifupa.

Jumamosi, 9 Oktoba
Zuena alinigeuzia mgongo mpaka saa tatu asubuhi. Nikaomba radhi. Akalia, nikalia. Nikaapa sitatoka. Akanisamehe! Kisha akataka nimhadithie. Nikamtajia kosa moja baada ya jingine, akacheka mpaka akaniangukia begani. Duniani kuna mume mwenye bahati kama mimi?

Halafu akauliza, yeye aliyekulia Salale, huko deltani: moshi wa manowari ulikuwaje? Maana bibi yake alikuwa akisimulia kwamba makaa yaliwaishia Wajerumani, wakachoma magogo ya mikoko.

Moshi! Mweusi wa makaa, au mweupe wa kuni? Sikuutazama! Huenda ndilo kosa kubwa kuliko yote, na limenipita.

Sasa saa tano. Basi la Dar linaondoka na kaseti saa saba. Mzee yuko shamba. Bi Fatu anapepeta mchele jikoni. Zuena anaoga, anaimba, mpenzi wangu, roho yangu. Naandika nimekaa dirishani, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nitakuwa nimerudi kabla hajajifuta maji.

Ni moshi tu.