Kiti Kimoja, Wahusika Wakuu Wawili

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, jamani! (Gauni lilibaki mwilini. Nilichovuliwa ni heshima.)

Mnajua nimeandika kitabu. Kama hujui basi hunifuatilii, maana nimetangaza wiki tatu mfululizo. Riwaya yangu ya kwanza! Mimi, mwalimu wa Kiswahili wa hapa Kibaha! Inahusu wanawake wawili wanaomlea yatima mmoja, na wote wawili ni wahusika wakuu. Miaka minne nimehangaika nayo, kila sura naipima ili mmoja asimzidi mwenzake.

Yatima ni mimi. Wanawake wenyewe ni mama mkubwa Asia wa Sofu, niliyesoma nikiishi kwake, na shangazi Mwajuma wa Masaki, kule Kisarawe, niliyekuwa kwake kila likizo nikimenya mihogo. Hawa wawili hawajawahi kukubaliana nani hasa kanilea. Nilitaka kitabu kimalize ubishi.

Sasa kosa langu. Kuwaalika kwenye uzinduzi, nilimpigia kila mmoja simu yake. Mama mkubwa akauliza, "Mhusika mkuu nani?" Nikamjibu, "Ni wewe, mama." Shangazi naye akauliza hilo hilo. "Ni wewe, shangazi." (Sikusema uongo! Sikumaliza sentensi tu.)

Leo saa nne, ukumbi wa Sofu umejaa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wako mstari wa mbele na madaftari yao, maana niliwaambia waje wajifunze. Mama mkubwa akaingia na wanawake kumi na wawili, sare ya kitenge cha kijani. Vigelegele! Hata hawajakaa vizuri, shangazi naye huyo na kundi lake kutoka Masaki, sare ya njano, na ngoma juu. Nikatazama mbele. Kiti cha heshima kilichotandikwa khanga mpya kilikuwa kimoja.

Mshereheshaji, masikini, hana habari: "Mhusika mkuu apite mbele!"

Wakasimama wote wawili. Wakakutana kitini.

"Wifi, unakwenda wapi?" mama mkubwa akauliza.

"Kwenye kiti changu. Mhusika mkuu si mimi?"

"Nani kakwambia?"

"Zuhura mwenyewe!"

"Zuhura huyu huyu aliyeniambia mimi?"

Wakanigeukia. Nikashika maiki, nikaanza kueleza kitaalamu kwamba hadithi inaweza kuwa na wahusika wakuu zaidi ya mmoja. Shangazi akaninyang'anya maiki.

"Mhusika mkuu ni aliyehangaika! Umeandika humo nilivyokuwa naanika godoro lako juani kila asubuhi, mpaka uko darasa la tano?"

Nikanyoosha mkono niichukue maiki.

Mama mkubwa akaidaka maiki. "La tano? Kwangu alikojoa mpaka la saba! Godoro lile Sofu nzima wanalijua!"

"La saba? Wifi! Pole!"

"Pole na wewe, mwenzangu!"

Wakashikana mikono wakacheka mpaka machozi. Ubishi wa miaka yote ile ukaisha pale pale. (Na mimi nimeandika kurasa mia mbili!) Kikaletwa kiti cha pili, wakakaa bega kwa bega. Mwanafunzi wangu mmoja akanyoosha mkono kwa adabu kabisa.

"Mwalimu, kwa hiyo mhusika mkuu ni godoro?"

Wenzake wakaandika.

Nikafungua kitabu nikasoma sura ya kwanza. Kila nilipomtaja mmoja, kijani na njano walipiga vigelegele pamoja, bila kujali ni wa nani. Nilijisikia fahari, siwafichi.

Haya, chekeni. Kikojozi kaandika kitabu. Wewe uliyelala pakavu umeandika nini?