Gunia la Marehemu Abdulmajidi

Jumatatu, 7 Julai
Watafiti wa lishe wamepiga hema nyuma ya zahanati hapa Ilongero. Wanapima amino asidi kwenye damu, yaani kama protini inatosha mwilini. Aliyepungukiwa anapewa gunia la maharage! Jirani Michael ameshapata lake na anayaanika uani makusudi nione. Mimi sijagusa nyama tangu Ijumaa. Nimetoa damu mkono wa kushoto. Gunia langu hilo!

Alhamisi, 10 Julai
Majibu: protini yangu inatosha kabisa. Aibu iliyoje! Michael kanipa pole huku anacheka. Sikubali. Nimevaa koti la marehemu kaka Abdulmajidi, nikashusha kofia machoni, nikajiandikisha kwa jina lake na kutoa damu mkono wa kulia. Mke wangu Zabibu kauliza kama damu hubadilika kwa kubadili koti. Hana akili ya biashara.

Jumatatu, 14 Julai
Nesi Winfrida kaja mwenyewe na bodaboda. Anasema damu ya Abdulmajidi karibu haina kitu; mwenye damu ile hakupaswa hata kusimama. Aje haraka achukue gunia. Nilishangilia! Kisha nikakumbuka kwamba damu ile ni yangu. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumanne, 15 Julai
Koti halipo kwenye msumari. Nimekwenda hemani bila koti. Winfrida kasema Abdulmajidi mwenyewe ameshafika asubuhi, na koti lake, akachukua gunia. Mikono baridi, mshipa hauonekani. Akicheka anaziba mdomo. Kamwambia anakaa kwa mdogo wake. Kaka alikuwa akiziba mdomo hivyo hivyo, na sikumsimulia mtu. Mwaka jana nilimshusha kaburini kwa mikono yangu. Naogopa sana.

Jumatano, 16 Julai
Koti limerudi msumarini. Mabegani lina udongo mbichi, na huu ni kiangazi. Gunia liko jikoni, tupu. Sufuria kubwa limekombwa likang'aa. Zabibu anaapa hakupika yeye. Amefunga nguo zake, anakwenda kwao Sepuka. Kaniagiza nimwite sheikh asome dua, nami nikamwombe kaka msamaha kaburini. Nitakwenda, nikipata nafasi.

Nimekaa peke yangu kutafuta kosa langu, na nimeliona. Abdulmajidi alikuwa mlaji mno. Kesho namwandikisha marehemu babu. Babu alikuwa anashiba upesi.