Kiti Kimoja cha Mbele

Jumapili, 7 Novemba 1971

Namshukuru Mungu. Miaka kumi na tano kwenye tanuru la shaba, na bado nina macho yote mawili! Jana kampuni ilinipa zawadi ya utumishi. Wenzangu walichagua baiskeli. Mimi nilichagua ndege. Tiketi mbili za kwenda Kindu, yangu na ya mke wangu Feza, viti vya kawaida. Kurudi ni kwa treni. Hatujaona kwetu kwa miaka kumi na mmoja, na sasa tutafika kabla ya Idi. Feza alilia. Kisha akaanza kutaja kila mtu wa kwao na zawadi yake, na mpaka sasa hajanyamaza.

Kasoro moja tu. Jirani yetu Amadi, seremala, mtu wa Kindu kama sisi, alikwenda kwao kwa ndege mwaka jana. Mama yake na mama yangu wanaishi huko Kindu ukuta kwa ukuta. Tangu hapo mama yangu hana raha. Akifagia uwanja, anasikilizishwa ndege ya Amadi. Akichota maji, ndege ya Amadi. Na Amadi alikaa kiti cha kawaida. Mimi nami kiti cha kawaida? Tutakuwa sawa! Haiwezekani.

Jumatatu, 8 Novemba

Mfungo na tanuru havipatani. Kapita wetu, msimamizi wa zamu, aliniona nayumba, akanipokonya koleo akanipa ufagio. Ni Mkristo, wala hakuombwa. Mungu ambariki.

Baada ya zamu, mjini, ofisi ya ndege. Nilivaa koti la arusi yangu. Linabana kwapani. Kwenye kaunta yuko dada mmoja, Adolphine, kucha nyekundu, sauti ya padri anayeungamisha watu tangu alfajiri. Nikauliza mbele ya ndege kuna nini. Akasema kuna première, viti vinne vya wakubwa nyuma ya pazia. Pazia! Na kuku kwenye sahani ya udongo, na kitambaa cha moto cha kupangusa uso.

Nikauliza wakubwa wanashukia wapi. Akauliza wakubwa gani. Nikamwambia, wale ambao mama zao wanawangojea. Akanipa picha ya ndege. Bado imeandikwa Kongo, maana jina jipya la nchi, Zaïre, halijamaliza hata majuma mawili. Kweli, mlango umechorwa mbele kabisa, hatua mbili kutoka kiti cha kwanza! Nikauliza kama mlango ule unafunguliwa Kindu. Nikauliza tena. Mara ya tatu akaweka kalamu chini: "Papa, mulango ya mbele banafunguaka kila pahali."

Moyo ukatulia. Nilijiona juu ya ngazi, kofia mkononi, na mama chini anapiga kigelegele. Na mama Amadi yuko kando, anameza mate.

Jumanne, 9 Novemba

Kiti kimoja cha mbele ni sawa na viwili vya nyuma. Adolphine alinieleza bila kucheka. Mimi ninavyo viwili. Ni hesabu ya darasa la pili, na mimi nilifika la nne.

Sitajificha kwenye daftari langu mwenyewe. Kiti cha pili ni cha Feza. Lakini kampuni huwapa wake zetu karatasi ya treni kila likizo, kwa hiyo simtupi. Namsafirisha kwa njia nyingine. Adolphine akauliza kama mama, yaani mke wangu, anakubali. Nikasema mama anaogopa ndege. Feza haogopi hata nyoka. Mwaka juzi aliua mmoja jikoni kwa mwiko, akaendelea kusonga bukari, ugali wetu.

Sasa nina kiti nambari moja, dirishani. Nilikunja tiketi, nikatoka, na pale nje ni nani? Amadi, ana kiti cha kupeleka kwa mteja, amekibeba kichwani. Aliona kila kitu kupitia kioo. Akacheka mpaka kiti kikayumba. "Weye Sudi! Unaenda kuona mama, ao unaenda kuonyesha koti?" Nikamwomba asimwambie Feza. Akaapa, mkono kifuani, tena mwezi wa Ramadhani. Ni mpinzani wangu, lakini namshukuru. Kiapo ni kiapo.

Jumatano, 10 Novemba

Nimemwambia Feza kwamba ndege imejaa, kimebaki kiti kimoja. Nilikuwa nimetayarisha majibu ya maswali sita. La tano lilikuwa zuri sana, lilikuwa na daktari ndani yake. Hakuuliza hata moja. Alinitazama kidogo, akasema, "Basi utangulie, baba. Miye nitakuya na treni." Akaendelea kuchambua maharage.

Namshukuru Mungu kwa mke asiyeuliza. Lakini futari niliiacha nusu.

Alhamisi, 11 Novemba

Leo ni siku ya ndege ya Kindu, iko moja kwa juma. Nikampata msafiri mmoja pale ofisini, mfanyabiashara wa vitambaa, akakubali kupeleka barua yangu. Nimemchorea mama ndege nzima, mabawa na yote. Mlango wa mbele nimeutia wino mzito. Chini yake nimeweka msalaba na kuandika: "Mama, simama hapa. Usisogee." Nimeandika pia kwamba mama Amadi anakaribishwa.

Jumamosi, 13 Novemba

Stesheni. Feza aliondoka leo kwa daraja la tatu, benchi la mbao, na vikapu saba. Amadi alikuja kumsindikiza, akamletea blanketi lake mwenyewe na mkate wa njiani. Walinong'onezana, wakacheka. Nafurahi kuona majirani wanapendana.

Treni ikaanza kutikisika. Feza akatoa kichwa dirishani, akaniambia daku yangu iko kwenye sufuria ndogo, nisisahau kupasha moto. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli. Honi ikalia. Naishukuru honi ile. Nyumba ni kimya. Miguu inaniuma kuliko siku za zamu mbili.

Alhamisi, 18 Novemba

Nimefika. Naandika chumbani kwa mama.

Asubuhi, Lubumbashi, tulipandia nyuma, wote, wakubwa na wadogo. Sikujali. Kupanda hakuna anayekutazama. Nyuma ya pazia tulikuwa wawili, mimi na hakimu mmoja aliyelala kabla ndege haijatoka chini. Kitambaa cha moto kilikuja kweli. Nikapangusa uso, kikawa cheusi, nikakificha mfukoni kwa aibu. Kisha kuku. Nilikuwa nimenuia kufunga. Lakini sheria inamruhusu msafiri, na mimi msafiri gani tena kama si huyu? Nikamla kuku wangu. Hakimu hakuamka. Nikamla na wa hakimu.

Kindu! Propela zikanyamaza. Nikasimama, kofia mkononi. Nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa, hapo hapo, nyuma ya ukuta mwembamba. Nikasikia vigelegele. Sauti ya mama yangu, naijua hata kwenye dhoruba! Nikasukuma ukuta. Ukuta ni ukuta. Dada wa ndege akanishika mkono kwa upole: ule mlango ni wa mizigo, abiria wanashukia nyuma. Nyuma kuna watu arobaini, na mama mmoja mwenye kuku sita wazima. Nikawa mtu wa mwisho.

Nikaizunguka ndege kwa miguu. Mama yangu alikuwa amesimama juu ya msalaba wangu, hajasogea hata kidogo, na wanawake kumi wa mtaa wetu. Walikuwa wameshayapigia vigelegele magunia manne ya unga wa mahindi na pikipiki ya misheni. Mama Amadi alikuwa amekaa chini. Kwa kucheka.

Mama akanikumbatia. Amekuwa mdogo kama mtoto. Nikalia, sikuona haya. Miaka kumi na mmoja! Namshukuru Mungu aliyemweka hai. Kisha akatazama nyuma yangu. Akatazama tena.

"Feza eko wapi?"

Nikasema yuko kwenye treni. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kiti, pazia, kitambaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba barua zote za miaka hii anaziandika Feza, na dawa ya macho anaituma Feza, na mkeka mpya ameutandika kwa ajili ya Feza. Mimi nitalala penye mkeka wa zamani. Akanusa koti langu. Akauliza kama nimefunga.

Ijumaa, 19 Novemba

Jana mawingu, mwezi haukuonekana. Mama amenituma stesheni tangu alfajiri, akasema nisirudi peke yangu. Treni ilikuwa ifike jana. Mkuu wa stesheni hakujua iko wapi. Nilikaa juu ya gunia, nikaomba. Si kwa ajili ya kiti wala ngazi. Niliomba Feza asikose Idi kwao kwa sababu yangu. Kitu kama hicho mtu hawezi kukilipa.

Karibu na magharibi ikaingia! Sikuhitaji kumtafuta. Behewa zima lilikuwa linaimba, na wimbo una jina lake ndani. Akateremshwa kupitia dirisha, mikono ishirini, kama bibi arusi. Vikapu saba vimekuwa kumi na kimoja: samaki wa Kabalo, mafuta, mtungi. Daraja la tatu wote ni ndugu zake sasa. Tulipofika nyumbani watoto walikuwa wanapiga kelele barabarani. Mwezi! Treni ilichelewa siku moja, na mwezi ukaingoja.

Nikamwambia ukweli, yote. Akasema anajua tangu Jumanne ile, Amadi alimwambia kabla hata hajateremsha kiti kichwani. Nikauliza kwa nini alinyamaza. Akasema: "Muntu akishapenda mulango, umuache apite. Miye nilitaka kufika tu." Kisha akacheka, akaniwekea samaki mkubwa kuliko wote.

Mke kama huyu nilimpata wapi? Nimekoma. Kuanzia leo ninakaa pale alipo Feza.

Jumamosi, 20 Novemba. Idi

Tumeswali, tumekula, tumewatembelea wazee wote. Mama amevaa kitenge alicholetewa na Feza na hanioni. Namshukuru Mungu kwa kila kitu.

Jioni nilizungumza na mkuu wa stesheni, mtu muungwana. Amenieleza kwamba treni ya kurudi ina behewa la vitanda: shuka nyeupe, taa ya kichwani, na linasimama Lubumbashi mbele kabisa ya geti, pale pale Amadi atakapokuja kutupokea. Kitanda kimoja ni sawa na mabenchi mawili.

Na Feza, maskini, benchi amekwisha kulizoea.