Nta ya Uzito Wangu

Jumatano, 23 Julai
Goti limenishinda. Halikunjiki hata chooni. Nimemwahidi Mtakatifu Panteleimoni, ambaye sikukuu yake ni Jumapili: akiniponya, nitampa nta ya nyuki ya uzito wangu mwili mzima. Nimeahidi kwa sauti, kanisani, mbele ya Padre Anthimos. Mwanamume haahidi kwa kunong'ona.

Alhamisi, 24 Julai
Goti limepona! Haraka yote hiyo ya nini, Mtakatifu? Nimekagua mizinga. Nta ya mwaka mzima, na bado haitoshi. Nimeshika mkongojo. Nachechemea kila penye mtu.

Ijumaa, 25 Julai
Mkahawani Thrasivulos, jirani na adui yangu, kauliza mbona jana nilichechemea mguu wa kulia na leo wa kushoto. Nikasema maumivu yanatembea. Kacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Nikamkumbusha mimi ni kilo mia na kumi, kama marehemu baba. Yeye kuku aliyenyonyolewa.

Mwalimu Evanthia, mstaafu, akaingilia. Eti wazee wetu wa kale walikuwa na kitenzi cha kupima uzito, istimi, yaani kusimamisha. Unaweka kitu mizanini mpaka mti wa mizani usimame. Usiposimama, hujapima.

Mimi niliishia darasa la pili, lakini akili ninayo! Mti usiposimama, hakuna uzito. Hakuna uzito, hakuna nta.

Jumapili, 27 Julai
Baada ya ibada, kijiji kizima kwenye mizani ya mtambo wa zeituni. Nikapanda. Nikajitikisa. Padre akaniomba nitulie. Nikasema naona baridi. Julai! Nikarukaruka, nikachuchumaa, nikainuka, mkongojo ukaanguka kule. Mti ukapanda na kushuka kama mwehu. Bingwa mimi!

Ghafla Padre akapiga ishara ya msalaba. Akasema tazameni goti la mzee Argiris, muujiza! Kina mama wakalia. Nikaduwaa, nikasimama. Na mti ukasimama.

Kilo sabini na nane.

Thrasivulos akapaza sauti: "Nyingine umeziacha nyumbani, bwana?" Wote wakaangua kicheko. Damu ikanichemka. Nikasema mizani mbovu, mimi ni mia na kumi, anayebisha ajitokeze! Padre akasema haya, mzee, mwili ni wako. Akaandika mia na kumi.

Jumatatu, 28 Julai
Goti limevimba kwa ile michezo. Nimekwenda kanisani, nikaahidi upya, kwa sauti: akiniponya, nta ya uzito wangu tena. Thrasivulos alikuwa pale anawasha mshumaa. Kauliza, sabini na nane?

Nikamjibu mia na ishirini!