Mganda wa Hesabu ya Tano

Jumatatu, 9 Agosti 1993. Kingerikiti

Siku sita zimebaki. Jumapili ni sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, na mashindano ya ngoma ya mganda Mbamba Bay. Mwaka juzi na mwaka jana Damiano, kiongozi wa kundi la huko ziwani, na Wanyasa wake walituacha mbali. Kamati imeniambia wazi: tukishindwa tena, filimbi ya kiongozi anapewa Mansuetus, mpiga ngoma wangu. Mansuetus! Mtu ambaye hajawahi kusikia jazi!

Mimi nimesikia. Miaka sita nilipiga deki misheni kwa Bruda Othmar, gramafoni yake ikiimba. Jazi ya Marekani. Na muziki mpya wa Ulaya, piano kama mbuzi kapanda juu yake. Bruda alisema huo ndio muziki wa karne hii. Mbinga nzima nani mwingine anaujua? Hakuna.

Nimeamua. Mganda, ngoma ya baba zetu, tutaupiga kwa hesabu ya tano, si mbili-mbili tena. Damiano atakoma.

Jumatano, 11 Agosti

Mazoezi. Mganda huchezwa kwa mistari, gwaride hasa: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mansuetus akauliza, kwa adabu zote, hatua ya tano ni ya mguu gani, maana binadamu ana miwili. Nikamjibu kwamba huo ndio usasa. Mistari ikagongana. Watatu wakaangukia kahawa iliyoanikwa. Mama Hilda, mwenye kahawa, akatufukuza kwa mwiko.

Nimefurahi sana. Bruda alisema Ulaya muziki mpya ulipopigwa watu walirushiana viti.

Ijumaa, 13 Agosti

Vibuyu vya kupuliza tunaviziba tundu kwa utando wa buibui ndipo vilie. Ushamba! Siku hizi ni soko huria, duka la Masoudi lina kila kitu. Nikanunua mfuko wa plastiki, nikaubandika kwenye kibuyu changu, nikapuliza. Gertruda, mke wangu, akatoka jikoni mbio kuuliza nani anaumwa.

Jioni habari njema. Vijana wote wamesema wameuelewa mtindo wangu. Ghafla! Wameomba jambo moja tu: Jumapili nikae mbele kabisa na nisigeuke nyuma, eti kiongozi wa kisasa hageuki. Wazo la Mansuetus. Kumbe ana heshima, nilimdhania vibaya.

Jumapili, 15 Agosti. Mbamba Bay

TUMESHINDA!

Nilikuwa mbele. Soksi nyeupe hadi magotini, miwani nyeusi. Tano nilihesabu, tano nilitembea. Nyuma yangu ngoma zinanguruma, vibuyu vinalia, akina mama vigelegele. Wengine walicheka hadi machozi, hasa nilipofika hatua ya tano. Sanaa ina furaha yake. Mara mbili mstari uligeuka kushoto nami nikaenda kulia, mara ya pili hadi maji ya ziwa yakalowesha soksi. Jazi inaruhusu.

Damiano mwenyewe alikuja kunishika mkono. Akasema tangu azaliwe hajaona mganda kama wangu. Nimelia mbele za watu na sioni aibu.

Jumatatu, 16 Agosti. Nyumbani

Nimeamka na fahari. Gertruda ananiharibia chai. Anadai vijana walipiga mganda ule ule wa siku zote, mbili-mbili, na aliyecheza tano ni mimi peke yangu. Anadai pia jaji alitukata alama tatu kwa ajili ya kiongozi, tukaponea kushinda kwa nusu alama tu. Maskini, hana sikio la muziki.

Saa nne kamati ikaja. Salamu nyingi mno. Nimepandishwa cheo! Mshauri Mkuu wa Muziki. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti pamoja na wageni. Mazoezini hata nisijisumbue kufika. Filimbi wameichukua, mtu mzito kama mimi hapaswi kubebabeba vitu. Ataibeba Mansuetus. Nilimwonea huruma.

Sasa nina nafasi ya kufikiri. Kosa nimeliona: tano ilikuwa rahisi mno, ndiyo maana hata Mansuetus aliiweza. Tangu mchana naandika ya saba.