Mulika Mwizi Ndani ya Gunia

Jumatatu, 1 Desemba 2008

Leo nimeshinda! Yaani, nilikaribia sana kushinda.

Shemeji yangu Brian alikuja kututembelea hapa mtaani Huruma na simu mpya yenye kamera. Akapiga picha chai. Akapiga picha kiatu changu. Mke wangu, Mama Chelimo, akapigwa picha akiwa ameketi, akiwa amesimama, akiwa anasuuza nguo. Mimi sikuulizwa kitu. Nikaona heri niseme ukweli: simu ya kamera ni yai tu, lakini mulika mwizi yangu, simu ya tochi, simu ya watu wazima, hata ukiitupa mto Sosiani itatoka ikilia. Brian akacheka. "Prove basi, shemeji," akasema.

Karai la nguo lilikuwa hapo hapo. Tukakubaliana ikae chini ya maji mpaka Brian ahesabu kumi. Niliizamisha kwa mkono wangu mwenyewe, kifua mbele. Brian akahesabu pole pole makusudi! Kati ya sita na saba alikohoa. Kati ya nane na tisa alikunywa chai. Angehesabu kama Mkristo, simu ingetoka nzima.

Ilitoka na povu. Ikawaka, ikaandika herufi ambazo hazipo katika lugha yoyote, ikazima.

Sasa nimeketi kitandani sina raha, kwa sababu simu hii si yangu hasa. Ni ya Gikonyo. Gikonyo alikuwa na kibanda cha viazi na makaa mbele ya ploti yetu. Jirani yangu wa miaka tisa, na mwizi mkubwa kwenye drafti. Januari, wakati wa zile fujo za baada ya uchaguzi, alipanda lori la Nakuru na watoto na godoro moja. Kabla ya kupanda alinipa simu hii na laini yake. Akasema namba hii ndiyo pekee anayoijua kwa kichwa, na siku akitaka kurudi ataipigia. Kibanda kilichomwa kesho yake. Mlango tu ndio niliowahi kuung'oa. Upo nyuma ya kitanda mpaka leo.

Jana alipiga kwa simu ya kuazima! Jumamosi saa nne asubuhi atapiga tena. Nikishika, anakuja kujenga upya. Nisiposhika, atajua Huruma bado haijapoa. Atachukua nafasi aliyopata Naivasha na hatauliza tena.

Siku tano! Zinatosha kabisa. Mama Chelimo ameifungua simu mgongo kwa ukucha, ameipangusa, ameifunga, kisha akaanza kunieleza kitu kuhusu laini. Nikamwambia mambo ya mitambo aniachie mimi.

Jumanne, 2 Desemba

Asubuhi na mapema kwa Wepukhulu, fundi wa simu, mwenye kibanda karibu na stendi. Wepukhulu ana miwani na mswaki, na anaongea na mteja kama daktari anayetangaza msiba. Aliniuliza maji yalikuwa ya aina gani. Nikasema ni mvua. Akanusa simu, akataja sabuni yenyewe kwa jina. Mtu mjuaji sana.

Alipoifungua akatikisa kichwa. Sabuni imeshaanza kula ndani. Anaweza kuisugua kwa spiriti na kuiacha wiki mbili, lakini ushauri wake ni "Mzee, nunua ingine tu." Hapo nikasimama. Ninunue nyingine! Halafu Gikonyo aje, aniulize simu yake iko wapi, nimwonyeshe ya duka? Nikamwambia yeye kazi yake ni kutengeneza, si kuzika.

Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, laini iko wapi. Nikatazama. Hapakuwa na laini! Mahali pake palikuwa patupu. Na nani ameifungua simu mbele ya macho yangu? Wepukhulu! Mwizi huwahi kuuliza. Nikamwambia airudishe. Akageuza mifuko yote miwili. Akavua hata kofia. Watu wakajaa. Nikachukua simu yangu na heshima yangu nikaondoka.

Nyumbani nilimweleza Mama Chelimo wizi huo. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaanza, "Baba Chelimo, hiyo laini..." Nikamwambia si jambo la kucheka, na asinifundishe, nina mpango. Akasema sawa, niendelee.

Mpango ni huu. Kwanza simu ipone. Wepukhulu akiniona nikiizungusha mkononi ikiwaka, dhamira itamsuta, atairudisha laini mwenyewe. Dhamira ni kitu kikali.

Jumatano, 3 Desemba

Nimepata! Nimepata! Brian (ambaye bado sijamsamehe) amesema kwao ofisini simu ikilowa huwekwa ndani ya mchele, mchele unanyonya maji. Mchele! Watu wa Uasin Gishu tununue mchele wa kulisha simu, na nyumba ina magunia matatu ya mahindi kutoka shamba la mama yangu, Sugoi! Nafaka ni nafaka. Na punje ya mahindi ni kubwa, kwa hivyo ina kiu kubwa zaidi. Sijui kwa nini hakuna mtu aliyewahi kufikiria hili.

Mama Chelimo alipoenda sokoni nilifungua gunia la kati, nikaingiza mkono mpaka begani, nikaiacha simu katikati. Nikashona mdomo upya kwa sindano yake ya gunia. Sijamwambia mtu. Brian akijua atapiga picha.

Jambo moja linanisumbua. Simu ya Mama Chelimo, ambayo hulala wiki nzima bila kulia, tangu juzi hainyamazi. Mchungaji amempigia kuuliza kama nitabeba viti Jumapili. Dada yangu amempigia kunisalimia mimi. Leo mtu ninayemkwepa tangu Septemba amempigia na kuniulizia kwa majina yote mawili. Nimemuuliza wote hawa wanapata wapi namba yake. Akasema yeye ni mtu anayependwa. Nimeumia kidogo.

Alhamisi, 4 Desemba

Magunia hayapo!

Nilirudi adhuhuri nikakuta sakafu tupu na Mama Chelimo anafagia, amefurahi. Mnunuzi kutoka Soy, mtu anaitwa Jackson, amepita na lori na kuyachukua yote matatu. Nilimuuliza kama gunia la kati lilikuwa na chochote. Akasema lilikuwa na mahindi. Nikasema vizuri sana. Nikaenda nje nikashika kichwa.

Kumwambia siwezi. Ataniuliza kwa nini nilitia simu kwenye gunia, nami nitalazimika kueleza sayansi yote tangu mwanzo. Kesho nakwenda Soy. Nimeazima koti jeupe la muuza nyama. Nimelifua mara mbili, na madoa yaliyobaki ni ya upande mmoja tu.

Ijumaa, 5 Desemba

Siku kubwa kuliko zote za maisha yangu!

Nilifika ghala la Jackson, Soy, saa tatu. Nikajitambulisha kama mpimaji wa unyevu wa mahindi. Nilidhani ataogopa. Kumbe alifurahi! Akasema amengoja mpimaji tangu Oktoba, wanunuzi wakubwa wanamrudishia mzigo kila siku eti haujakauka. Akaniomba nianze na magunia mia mbili yaliyo mbele. Nikaanza. Ningefanya nini? Nilitia mkono, nikatafuna punje, nikasema "kumi na mbili," "kumi na nne." Jackson akaandika kila nilichosema. Kufikia la arobaini meno yalikuwa yananiuma hata kwenye masikio.

Ndipo akaniambia kuna moja linamshangaza. Amelitenga kule nyuma, kwenye giza, kwa sababu jana ndani yake palikuwa na unyevu, na leo wapakiaji wamekataa kulisogelea. Tukaenda. Gunia lilikuwa linawaka! Mwanga unapenya kwenye matundu ya katani, kama taa iliyofunikwa blanketi. Wapakiaji walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja anaomba kwa sauti, "Bwana, ni watoto tunatafutia."

Mulika mwizi yangu! Tochi imejiwasha yenyewe! Nilitaka kuruka, lakini nikakumbuka koti. Nikasema kwa utulivu kwamba hicho ni kipimo cha kisasa cha unyevu, nilikitia mwenyewe Huruma kabla mzigo haujapakiwa. Nikakichomoa. Jackson akaniuliza kinasema ngapi. Nikakitazama kioo, ambacho kilikuwa cheusi tititi, nikasema kumi na tatu na nusu.

Akakipenda papo hapo! Akanitolea mfukoni simu mpya kabisa, ya redio, ya kamera, bado ina karatasi kwenye kioo, akasema tubadilishane. Simu mpya! Kwa maiti! Mpango kama huu nimeungoja tangu nizaliwe. Mkono ulikuwa umeshanyooka.

Lakini pale mgongoni, karibu na tochi, kuna G iliyokwaruzwa kwa msumari. Gikonyo aliikwaruza siku aliyoinunua, akasema wezi wa Huruma hawajui kusoma. Nikaitazama ile G. Kweli sijui nilipatwa na nini. Nikamwambia Jackson kipimo ni mali ya watu.

Wakati wa kuondoka alinipa debe la mahindi kwa kazi nzuri. Wapakiaji wamenisindikiza hadi barabarani.

Jumamosi, 6 Desemba

Saa tatu unusu. Nimevaa koti langu zuri. Simu ipo mezani mbele yangu. Haizimi tochi wala haifanyi jambo lingine lolote. Huenda Wepukhulu akashikwa na dhamira dakika ya mwisho. Nimeuacha mlango wazi.

Saa nne kasoro tano. Hajaja.

Saa nne. Kimya. Nimebonyeza kila kitufe. Nimeipuliza. Nimeiomba msamaha. Huyu mtu yuko Nakuru amesimama kwenye kibanda cha simu, amehesabu sarafu zake, anapiga, hapati jibu, na atadhani ni sisi. Atadhani Huruma imekataa kushika. Kumbe ni mjinga mmoja na karai. Nimejuta. Naandika nikiwa nimejuta kweli.

Saa nne na dakika ishirini. Niendelee kwa utaratibu.

Saa nne na dakika mbili simu ya Mama Chelimo ililia kabatini. Nikamwambia aizime, ananiharibia kimya changu. Akaichukua, akaipokea. Nikamwambia kama ni mchungaji, viti sibebi. Kama ni yule wa Septemba, nimehamia Lodwar. Nikamwambia tangu Jumatatu nyumba hii imekuwa posta, mtu hawezi hata kungoja simu yake kwa amani. Akaninyooshea. "Ni yako," akasema.

Alikuwa Gikonyo!

Nilifurahi mpaka nikasahau salamu. Jambo la kwanza nilimuuliza namba ya mke wangu ameipata wapi. Akasema pole pole, kama mtu anayesema na mgonjwa, "Kimutai, hii ni namba yangu."

Nikamtazama Mama Chelimo. Akasema aliitoa laini Jumatatu, kabla simu haijakauka povu, akaitia kwenye yake. Alijaribu kuniambia mara mbili, nami nilimwambia nina mpango, akaona asiuvuruge.

Gikonyo alikuwa amesikia kila kitu, viti, Septemba na Lodwar. Akaniambia alikuwa amejiandaa. Alijiandaa kusikia ikilia mpaka ikatike, au mgeni akimjibu vibaya. Hakujiandaa kunisikia mimi nikigombana na mke wangu kuhusu viti vya kanisa. Akacheka, nami nikacheka. Akasema, "Basi hapo ni nyumbani. Kesho nakuja." Sarafu zikaisha.

Nimelia. Sijali. Sina haja ya kulificha hilo kwenye kitabu changu mwenyewe.

Kuhusu Wepukhulu, nimekaa nikafikiria sana, na nimeamua kumsamehe. Nimemtuma Brian akamwambie.

Jumapili, 7 Desemba

Amekuja! Amekonda, ana mvi mbili tatu, lakini bado anaiba kwenye drafti. Tumetoa mlango nyuma ya kitanda. Akaushika komeo, akaufungua na kuufunga hewani, hapo katikati ya chumba. Kesho tunaanza kutafuta mbao za kuuzungushia kibanda. Nimemrudishia mulika mwizi yake pia. Ameitazama inavyowaka mchana, akauliza nini kimeipata. Nikamwambia mvua.

Sasa hivi ameenda kumsalimu Wepukhulu, ambaye sijui kwa nini bado ana kinyongo. Simu mpya aliyoinunua jana baada ya kunipigia ameiacha mezani. Ya Nakuru hiyo! Nzito, ina mpira pembeni, si kitu cha mchezo. Brian, ambaye amekuja na kamera yake baada ya ibada, anasema hata hiyo haiwezi kuvumilia maji. Huyu kijana hajui simu! Nimemwambia tutaona. Safari hii nimekuwa mwerevu: tumekubaliana ahesabu haraka, na chai asipewe.

Karai lipo tayari, maji safi, bila sabuni. Mama Chelimo ameomba simu kidogo aipanguse kwanza. Ameifungua mgongo kwa ukucha, ameifunga, ameirudisha. Naona ni nyepesi kidogo, lakini labda ni furaha yangu tu.