Talaka ya Mfano Ukutani kwa Elimringi

Jumatatu, 6 Machi 1995
Biashara imefunguliwa! Siku hizi kila mtu hapa Old Moshi anafungua kitu: huyu mitumba, yule kioski. Mimi: sheria. Ushauri wa talaka, wosia na mirathi kwa familia zote, malipo kuku au mkungu wa ndizi. Uzoefu ninao. Mwaka sabini na tisa nilifagia mahakama ya mjini miezi minne, na mahakimu watatu waliniomba ushauri. Wa nne aliona aibu.

Wateja wanataka mfano wa kutazama. Nikaandika talaka na wosia kwenye karatasi moja, kubana matumizi: "Mimi Wilson, mwenye akili timamu, nimemwacha mke wangu Elinipendo kuanzia leo. Nikifa, kihamba chote, yaani shamba la ukoo, achukue kaka yangu Jacob." Majina nimeweka ya kweli. Sheria haipendi uongo. Mashahidi wawili, dole gumba, tarehe. Nimeibandika ukutani kwa Elimringi, mchinjaji, penye watu. Imependeza mno!

Jumanne, 7 Machi
Elinipendo alikwenda kununua maini. Akarudi bila maini. Akauliza kama ile karatasi ni mwandiko wangu. Nikajibu kwa fahari kwamba ndiyo, hata herufi kubwa. Akabeba sanduku, akasema anakwenda kwa kaka yake Eliona, huko Kwa Sadala, mimi nibaki na herufi zangu kubwa. Nilimkimbilia hadi barabarani nikimweleza maana ya mfano. Hakugeuka.

Jumatano, 8 Machi
Ng'ombe kanipiga teke mara mbili nikimkamua. Mimi niliyemwangusha chui msituni kwa ngumi moja! Mtori umeungua. Nimekula wa juu.

Jacob kaja kunijulia hali. Tumetenganishwa na mstari wa masale tu, ile mimea ya mpaka, lakini hajanijulia hali tangu kipaimara cha binti yangu Ruth. Akauliza kikohozi kinaendeleaje. Nikasema sina kikohozi. Akasema kitakuja tu. Kisha akapita migombani mwangu akipiga kila mgomba makofi, kama anayechagua ng'ombe mnadani.

Jioni ujumbe kutoka kwa Eliona: shemeji asikanyage kwangu bila isale.

Alhamisi, 9 Machi
Kwetu ukimpelekea uliyemkosea jani la isale, hawezi kukataa kukusamehe. Sheria pekee ambayo sikuifundisha mimi. Nikatafuta isale la mtu wa hadhi yangu. Ya nyuma ya zizi madogo. Lakini lile la kona, mpakani na Jacob: refu, nene, la tangu babu! Nikaling'oa na mizizi yake.

Njia nzima, hadi ndani ya basi, watu walinitazama kwa huruma. Mwanamume na isale begani, ana kesi. Mzee mmoja, baada ya shikamoo yangu, akauliza nimempiga au nimemwacha. Nikamwambia ni mche, naenda kupanda. Walicheka hadi kondakta.

Eliona alilipokea akasema watu huleta jani, hajawahi kuletewa mti mzima. Elinipendo akatoka. Kumbe jana alikwenda mjini kwa akina mama wanaotoa msaada wa sheria, bure. Wamemwambia talaka haiandikwi buchani: kwanza baraza la usuluhishi, kisha mahakama ndiyo huvunja ndoa, na ikivunja, jasho lake la miaka ishirini na miwili kwenye mibuni ile lina fungu lake. Nikasema yote hayo nilikuwa nayajua. Akatazama ninavyochechemea, akasema ndiyo, Baba Ruth, unayajua kama unavyojua kukamua.

Lakini isale ni isale. Anarudi Jumamosi!

Jumamosi, 11 Machi
Karudi! Hata ndani hakuingia. Alisimama mpakani akauliza isale la kona liko wapi. Nikamkumbusha kwamba liko kwa kaka yake. Akakaa chini, kwenye tope, na kanga yake mpya.

Jacob alikuwa ameshapanda jingine, hatua sita ndani ya kihamba chetu. Mibuni tisa imehamia kwake. Wazee wa ukoo wakaitwa, wakauliza nani aling'oa. Nikasema mimi. Wakauliza tena, wakidhani ni utani. Tangu Mjerumani, hakuna aliyeng'oa isale la mpaka wake kwa mkono wake mwenyewe!

Wameamua Jacob arudi hatua tatu na aibandue karatasi yangu buchani, aichane mbele yao. Mimi nipoteze mibuni minne na nitoe pombe ya mbege. Elinipendo kasema wosia wangu mwingine tutauandika mjini kwa wanaojua, yeye akisoma kila mstari, kazi yangu ni dole gumba tu.

Jumatatu, 13 Machi
Nimejifunza! Nimeandika mfano mpya, na humo hamna jina langu wala la Elinipendo. Nimeweka la Elimringi, shukrani kwa kunipa ukuta: "Mimi Elimringi nimemwacha mke wangu Rachel kuanzia leo." Rachel ni mwalimu, anasoma haraka. Sasa hivi namwona anashuka na kikapu chake kuelekea buchani. Atafurahi sana!

Na asipofurahi, Elimringi asiwe na wasiwasi. Pale mpakani kwangu bado yamesimama masale kumi na moja.